Kondoo A, Kondoo B na Mizani ya Duka Langu

Sultani Seif Hilali,
Duka la Vyombo vya Nyumbani, nyuma ya soko kuu,
Rohero, Bujumbura.
Ijumaa, 27 Machi 1998.

Kwa Ndugu Mhariri,
Ukurasa wa Elimu na Afya,
Gazeti la Taa ya Buyenzi.

YAH: MALALAMIKO JUU YA MAKALA YENU "AKILI NA KIZIMBA", TOLEO LA OKTOBA 1997

Ndugu Mhariri,

Assalam alaikum. Natumaini u mzima, wenzako ofisini ni wazima, na mashine ya kuchapia bado mnayo.

Naandika kwa masikitiko lakini bila hasira. Hasira nilikuwa nayo Jumanne, imekwisha. Mimi ni msomaji wenu tangu toleo la kwanza, na matoleo yote nimeyahifadhi isipokuwa la Juni mwaka jana, ambalo mke wangu alifungia mikeke, samaki wa ziwa letu. Nilimaliza sekondari mwaka 1974, na tangu wiki ile naandika daftari la kila siku: tarehe, hali ya hewa, na jambo lililotokea. Kwa hiyo haya nitakayosema hayatoki kichwani mwangu. Yanatoka kwenye daftari.

Katika toleo hilo mliandika kwamba wataalamu wa ng'ambo walichukua watoto wa panya wa mama mmoja wakawagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza waliwekwa pamoja katika kizimba kikubwa chenye ngazi, magurudumu na vitu vya kuchezea, vikawa vinabadilishwa mara kwa mara. Fungu la pili, kila mmoja alifungiwa peke yake katika kizimba kitupu, akapewa chakula na maji tu. Baada ya wiki kadhaa bongo zao zilipimwa. Za fungu la kwanza zilikuwa nzito zaidi, hasa lile ganda la juu. Mkamaliza makala kwa maneno haya: "Msomaji, tazama unamoishi."

Nilitazama, Ndugu Mhariri. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

Nina binti mmoja, Tahani, wa miaka sita na miezi minane. Vita vilipoanza alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, anajua kusema "maji" na "sitaki". Tangu hapo ameishi ndani ya ukuta wetu: nyumba, ua, depo ya bidhaa, na mlango wa duka siku duka linapofunguliwa. Nimehesabu: mwaka mzima wa 1997 alitoka nje ya geti mara kumi na nne, na tano kati ya hizo alikwenda kwa daktari wa meno. Ziwa liko mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, lakini yeye analijua kwa harufu. Tulimwahidi kumpeleka ufukweni Kajaga siku ya Mwaka Mpya, na kila mtu anajua jinsi upande ule ulivyoshambuliwa alfajiri ya siku hiyo. Shule hajaenda. Jirani yetu Mwalimu Adélaïde, mwenye darasa la kwanza mitaa miwili kutoka hapa, amekuja mara nne kumwomba. Mara ya mwisho alisema mbele ya mke wangu: "Bwana Sultani, muhula ya tatu inaanza tarehe makumi mbili ya mwezi wa ine. Umulete, nitamufanyia ka-teste mi mwenyewe. Mutoto si mali ya kuweka depo."

Nilimjibu kwamba nitafikiri. Sikumwambia ninachofikiri, nacho ni hiki: kama makala yenu ni ya kweli, basi mwanangu amelelewa katika kizimba cha pili, na hiyo teste, yaani mtihani wake mdogo, itamwaibisha mbele ya watoto wa watu. Tangu Novemba nilikwisha kuamua kupata uhakika kabla ya kumtoa. Na uhakika, kwa maneno yenu wenyewe, hupatikana kwa mizani.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Makala haikusema lolote juu ya kondoo.

Mlizungumzia panya. Mimi panya ninao, lakini panya wa Rohero siwezi kuwaita wafungwa. Wao hutoka saa wanayotaka, hupita vizuizi vyote, na mchana huonekana sokoni wakiwa na afya kuliko wenye vibanda. Nikalazimika kutumia kondoo. Tarehe 15 Novemba (mawingu, mvua kidogo) nilinunua madume wawili kwa Melchior, ambaye huteremsha mifugo kutoka milimani pale barabara inaporuhusu. Niliwanunua mapema kwa ajili ya Idi ya kuchinja, mmoja kwa niaba yangu na mmoja kwa niaba ya marehemu baba yangu, kwa sababu barabara ya Novemba mtu anaiona, ya Aprili haijui. Walikuwa mapacha. Melchior aliapa: "Patron, hata mi mwenyewe sijuake uyu ni nani na ule ni nani. Na mama yao pia alikuwa anakosea."

Basi hapo nikaona sayansi na dini zimekutana bila kugombana. Hakuna mnyama atakayekufa zaidi ya yule aliyekwisha kukusudiwa. Siku ya Idi watachinjwa wote wawili, na bongo zao zitawekwa juu ya mizani ya duka langu, ambayo tangu ambargo, nchi jirani zilipotufungia biashara, haina kazi nyingine.

Kondoo A nilimweka uani. Kondoo B nilimweka depo. Depo yetu ilikuwa ikijaa masufuria na sahani hadi darini. Sasa ina kuta nne, sakafu ya saruji, dirisha moja la juu lenye wavu, na maboksi matupu ambayo mke wangu hataki yatupwe, akisema siku mali itakaporudi itadai maboksi yake. Katika mji wote nisingepata mahali pakavu pa akili kuliko hapo. Mlangoni niliandika kwa chaki, herufi kubwa: KIZIMBA B. HAKUNA KITU NDANI. MTU ASIINGIE. Mimi mwenyewe niliingia asubuhi na jioni, nikaweka majani na maji, nikatoka bila neno. Nilikuwa naingia bila hata kutoa salamu, jambo ambalo marehemu baba asingenisamehe, lakini niliona salamu ni kitu cha kuchezea.

2. Makala haikusema vitu vya kizimba cha kwanza vitatoka wapi.

Ng'ambo vinatoka dukani. Mimi ndiye mwenye duka, na duka ni tupu. Nilianza na tairi kuukuu, ngazi ya kupakia rangi na ndoo iliyotoboka. Lakini mlisema vibadilishwe mara kwa mara. Mimi nilichukua "mara kwa mara" kuwa kila siku ya tatu, na siku ambazo mji ulifungwa sikuweza kutoka kutafuta kitu. Nikawa nachukua nyumbani. Desemba 3, kioo cha kabati. Desemba 6, saa ya ukutani. Desemba 9, mwavuli, ukiwa umefunguliwa. Desemba 12, redio, ikiwa inasema. Januari tulifika kwenye kiti cha mkono, cherehani na picha ya harusi yetu, ambayo Kondoo A aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Mke wangu Ghanima ni mtu mwenye subira. Lakini tarehe 14 Januari alisimama mlangoni mwa jiko akasema: "We Ba Tahani, kondoo iko na redio. Iko na kioo. Iko na mwavuli, na mvua hainyeshe. Mi niko na nini? Mi niko na we." Nimeliandika kama lilivyosemwa, bila maoni.

Tahani alitoa mpira wake na mwanasesere wake. Alivileta mwenyewe uani, akaviweka chini, akarudi ndani. Daftari la siku hiyo linasema: "Hakulia. Je, ni dalili?"

Pia mlisema mnyama aone mambo mapya. Mara tatu nilimpakia Kondoo A katika pikapu nikampeleka Bandarini atazame winchi na meli za mizigo. Alipendezwa na kamba. Kwenye kizuizi askari mmoja alinisimamisha akauliza kondoo huyo anakwenda wapi. Nikasema anakwenda kutembea. Akauliza, na wewe? Nikasema namsindikiza. Akasema: "Sawa. Lakini irudi mbele ya couvre-feu, mbele mji ufungwe, kama watu." Tahani aliomba kuja. Nilimweleza kwamba safari ile ilikuwa ya kisayansi.

3. Makala haikutuonya kwamba mnyama akizidi kuerevuka hachinjiki.

Hili ndilo lalamiko lenye uzito wa kisheria. Desemba 20 Kondoo A alianguka kutoka kwenye ngazi akachechemea kweli kwa siku nne. Siku hizo alipewa vilele vya muwa, na Ghanima akamfunga mguu kitambaa. Tangu hapo amejifunza. Januari 18 alikuja Rachidi mchinjaji kumtazama. Mara tu Rachidi alipovuka geti, Kondoo A alianza kuchechemea mguu wa kushoto. Februari 2 alikuja Shehe Yaseen kunywa chai. Kondoo A alichechemea mguu wa kulia. Wageni walipoondoka, alipanda kwenye kiti cha mkono akasikiliza habari.

Unajua, Ndugu Mhariri, na kama hujui nakueleza, kwamba kondoo aliye kiwete wazi hafai kwa Idi. Sasa nina mnyama ambaye ni kiwete mbele ya mchinjaji, ni mzima mbele ya redio, na anajua tofauti. Rachidi, mwenye kisu tangu ujana wake, ameniambia: "Bwana Sultani, tafuta mutu mwingine. Iyi kondoo inaniangalia kama mukwe. Mi siwezi kuchinja kitu chenye kinanijua."

4. Lalamiko hili lilihusu kapeti. Mke wangu amelisoma na kusema nilifute. Nimelifuta.

5. Makala haikusema kama ujinga ni kilema.

Kwa upande wa Kondoo B, mambo yamekwenda kama mlivyotabiri, na hilo ndilo linaloninyima raha. Kila ninapoingia depo namkuta amesimama kimya, ananipa mgongo, anatazama ukuta. Ukuta mtupu, katika giza. Hageuki. Naweka majani, hageuki. Wiki kumi na moja mfululizo daftari linasema: "B: anatazama ukuta. Mjinga." Wiki ya kumi na mbili niliacha kuandika neno la mwisho, kwa kuwa lilikuwa linajulikana.

Nikampelekea Shehe Yaseen suala hili: je, mnyama ambaye ubongo wake umedumazwa kwa makusudi, na mwenye kumdumaza ndiye mwenye kumchinja, anafaa? Shehe aliweka kikombe chini. Akasema: "Sultani, kitabu kinasema chongo, kinasema mgonjwa, kinasema kiwete, kinasema mwenye amekonda. Mujinga, apana. Ujinga ungekuwa kilema, nyama ingetoka wapi?" Kisha akaniuliza kama nalala vizuri. Nilimjibu kwamba daftari linaonyesha saa tano na nusu kwa wastani.

6. Makala haikueleza panya walifanya nini milio ya risasi na mizinga iliposikika.

Nimeisoma mara nyingi, na hakuna. Inaonekana wataalamu wale walikuwa mtaa wenye utulivu. Mimi nililazimika kulifanya jaribio hilo peke yangu, bila mwongozo. Tangu Desemba, kila milio inapoanza upande wa milimani, nasimama uani na saa mkononi kuangalia Kondoo A anafanya nini na utajiri wote ule. Natoa mifano. Januari 22, mlio wa kwanza saa kumi na dakika kumi na nne alasiri: A amezunguka tairi mara saba. Februari 11, saa tatu na dakika mbili asubuhi: A amezunguka mara kumi na moja, akapiga kioo kwa pembe. Machi 5, saa kumi na moja kasoro dakika nane: A ameingia ndani ya mwavuli. Jumla nina tarehe thelathini na moja. Kama kuna mtaalamu duniani mwenye orodha ndefu kuliko hii, na aniandikie.

Sasa niulize: je, huo ndio ubongo mzito? Kuzunguka tairi? Kwa hilo redio yangu ilikuwa ya nini?

7. Makala ilisema "tazama unamoishi" kisha ikaishia hapo.

Mtu hawezi kumwambia msomaji atazame, halafu yeye akaenda zake. Nimetazama mji wetu kwa kutumia kipimo chenu, na matokeo ni haya. Vitu vya kuchezea hakuna. Wenzetu wengine wamehama, na waliobaki kila mmoja yuko na mtaa wake, kama panya wa fungu la pili. Ngazi zimeibwa. Kitu pekee kinachobadilishwa mahali mara kwa mara mjini ni vizuizi vya barabarani. Nakiri hilo limenisaidia kidogo, kwa maana kila asubuhi lazima nifikirie upya njia ya kwenda sokoni, na soko liko mbele ya mlango wangu.

Upande mwingine kuna waheshimiwa wetu wa pande zote wanaokwenda kwenye mikutano ya amani nje ya nchi. Hawa, kwa kipimo chenu, ndio fungu la kwanza hasa. Wanakaa pamoja. Wana lifti, wana vioo ukuta mzima, wana mabwawa ya kuogelea, na kila baada ya miezi michache hubadilishiwa hoteli. Kwa mujibu wa makala, bongo zao sasa zinapaswa kuwa nzito kupita kiasi, hasa ganda la juu. Sisi tunaowangojea tungependa kuambiwa ni lini zitapimwa. Sisemi kwa ubaya. Nasema kwa sababu Kondoo A naye, baada ya miezi minne ya utajiri, jambo alilojifunza vizuri kuliko yote ni kuchechemea wageni wakija.

Kutokana na hayo, Ndugu Mhariri, naomba kwa heshima mambo matatu.

Kwanza, mchapishe masahihisho yenye urefu uleule wa makala, mkisema wazi kwamba si ya kujaribiwa nyumbani kwa watu wenye ndoa.

Pili, mniazime au mniombee kwa sonara jiwe dogo la mizani. Jiwe langu dogo kabisa ni la gramu hamsini, na nimeambiwa ubongo mzima wa kondoo haufiki gramu mia na hamsini. Kwa jiwe langu bongo zote mbili zitalingana, na sitakuwa nimejua chochote.

Tatu, na hili ndilo naliomba kwa moyo, mniandikie ni gramu ngapi. Mwezi ukiandama kesho, Idi itakuwa tarehe 7 Aprili. Siku hiyo nitapima. Nimeazimia hivi: ubongo wa B ukipungua kwa gramu kumi au zaidi, nitajua kwamba kizimba kimekwisha kufanya kazi yake, na Tahani atabaki hapa nyumbani ambapo hakuna wa kumcheka. Ukipungua chini ya hapo, nitampeleka kwa Mwalimu Adélaïde tarehe 20. Gramu kumi nimezipanga mwenyewe kwa kukosa mwongozo. Huenda ni tano. Huenda ni ishirini. Baba hawezi kuachiwa namba kama hiyo aipange peke yake, Ndugu Mhariri. Ninyi ndio mlioanza.

Nimalizie kwa kukutakia kheri wewe na wote walio chini ya paa la ofisi yenu. Msalimie mchapaji, msalimie anayebeba magazeti kwa baiskeli, msalimie mwandishi wa makala ile, ambaye simchukii. Mke wangu Ghanima anakusalimu na kuuliza kama mnahitaji kondoo anayependa redio. Tahani anakusalimu pia. Nilimwambia namwandikia bwana mmoja wa gazeti, akauliza kama bwana huyo anaruhusiwa kutoka nje.

Ni mimi, msomaji wenu mwaminifu na mwenye kusubiri,

Sultani Seif Hilali.

N.B. Jumapili, 29 Machi (jua, upepo wa ziwa). Barua hii haikuondoka jana kwa kuwa jana mji haukuondoka. Naongeza yafuatayo kwa ajili ya ukamilifu wa taarifa.

Nilipoisoma upya niliona kasoro katika lalamiko la sita: nina tarehe thelathini na moja za Kondoo A, sina hata moja ya Kondoo B. Msomaji makini angeniuliza. Kwa hiyo jana, milio ilipoanza saa tisa na dakika arobaini alasiri, nilimwacha A azunguke tairi lake, nikaenda depo na saa mkononi.

Nilifungua mlango. Kondoo B hakuwa anatazama ukuta. Alikuwa amelala nyuma ya mlango, katika pembe moja tu ambayo dirisha halioni. Hakulala kwenye pembe kabisa. Aliacha nafasi kati ya ubavu wake na ukuta. Katika nafasi hiyo alikaa Tahani, na kipande cha mkaa mkononi. Mlio wa pili ukaja, mkubwa. Kondoo hakutikisika. Mtoto akampapasa sikio akamwambia, "Ni wa mbali uyu." Ulikuwa wa mbali kweli. Mimi ndiye niliyeangusha saa.

Ghanima alikuja nyuma yangu. Alisema amekuwa akimpeleka mtoto depo kila mara tangu Desemba, kwa sababu kuta za depo ni nene kuliko zote. "Mi nilifikiri unajua," alisema. "We ulikuwa inje na kondoo, unahesabu." Nimekwenda kwenye daftari. Tarehe thelathini na moja. Saa zipo, dakika zipo, mizunguko ya tairi ipo. Mahali alipokuwa mwanangu hapakuandikwa hata mara moja.

Nilipowasha tochi niliona kuta. Zimeandikwa kwa mkaa kutoka chini hadi pale mkono wake unapofika: FRAGILE. HAUT. BAS. SAVON. SAHANI 24. Ameyatoa, Kifaransa na Kiswahili, kwenye maboksi matupu, moja baada ya jingine, na alipokwama alimuuliza mama yake jikoni, naye akamjibu akidhani ni maswali tu. Baadaye alianza kuandika ambayo hayapo kwenye boksi lolote: TAHANI. MAMA. ZIWA. Kondoo alikuwa mwanafunzi. Kila mchana nilipokuwa nabadilisha vitu vya uani, yeye alisimamishwa mbele ya ukuta na kuonyeshwa herufi, na akigeuka huku na huku kabla ya somo kuisha alikosa ganda la ndizi. Ndiyo sababu kila nilipoingia alikuwa anatazama ukuta. Alifikiri nami nimekuja kufundisha.

Nilimuuliza Tahani kama hakuona tangazo langu mlangoni. Akajibu: "Niliona, Baba. Niliisoma mu mwezi wa kwanza. Umeandika hakuna kitu ndani, nikafungua, kondoo ingali ndani. Basi nikakusaidia." Nilitoka kuangalia. Neno HAKUNA limefutwa, safi, kwa kitambaa. Mlango unasema KITU NDANI. Nimepita mbele yake asubuhi na jioni kwa zaidi ya miezi miwili bila kuusoma, kwa sababu nilijua nilichoandika.

Kwa hiyo B hakufungiwa peke yake hata mwezi mmoja, na jaribio langu ni batili. Mapungufu yote niliyoyalalamikia nayafuta, pamoja na maombi matatu. Jiwe la sonara msilitafute. Mwezi umeandama jana. Kondoo A ni wa Idi, achechemee asichechemee. Rachidi alipita leo asubuhi bila kubisha hodi, akamkuta juu ya kiti, na moyo umemrudia. Ubongo utapikwa kwa limau na pilipili manga, hautapimwa. Kwa niaba ya marehemu baba nimemwagiza Melchior kondoo mwingine, ambaye hajawahi kuingia depo. Redio imerudi ndani. Kapeti haitarudi.

Mwalimu Adélaïde alikuja baada ya misa akafanya teste yake palepale depo, akiwa na mshumaa, akisoma ukuta. Haikuchukua muda. Kisha alikaa juu ya boksi, akaandika jina la Tahani kwenye orodha yake. Tahani ataanza tarehe 20 Aprili. Nitampeleka mwenyewe kwa miguu, na njiani tutapita upande wa ziwa, ingawa si njia.

Tahani ameuliza kuhusu Kondoo B. Madamu Adélaïde amesema shule haipokei wanafunzi wawili wapya kutoka nyumba moja katikati ya mwaka, tuulize tena Septemba. Nimeandika katika daftari: Septemba, kuuliza.

S.S.H.